Usiamini Feza Inayong'aa: Miaka Yangu Saba Katika Duka la Sarafu za Zamani, Kindu

Siku ya kwanza niliingia kazini na mtoto mgongoni, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeharibu sarafu kumi na moja.

Duka lilikuwa kwenye njia inayoteremka kwenye bandari ya mto Lualaba. Tulinunua feza za zamani: bangili, mikufu, na sarafu ambazo familia za Kindu zilirithi kutoka kwa mababu waliofanya biashara na watu wa pwani. Rupia za Wajerumani, rupia za Wahindi, riali yenye sura ya malkia mmoja mnene wa Ulaya, pamoja na feza na shaba za Wabelgiji. Mwenye duka alikuwa Papa Ramazani, mzee wa msikitini, asiyepandisha sauti. Chini yake alikuwa msimamizi wa duka, Sitwayeni Jeran, mwanaume wa abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi mpaka inakata. Wakati ule kila mtu kazini aliitwa Sitwayeni, yaani raia, hata yule anayekuchukia.

Jeran alinipa mkebe akasema, "Panga hizi kwa aina." Nikafungua nikaona weusi tu. Mimi ni binti wa Kindu. Kwetu mwanamke akiacha sufuria nyeusi anasemwa mtaa mzima, na harusi ikikaribia, mashangazi wanachukua feza za bibi harusi, wanazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zinaumiza macho. Basi nikaenda nyuma ya duka, nikaomba majivu kwa mama muuza mikate, nikanunua ndimu mbili kwa pesa yangu, nikasugua. Nilirudi na kichwa juu.

Jeran alipoona, akashika mashavu. "Nani alikuambia uoshe?"

"Zilikuwa chafu."

"Chafu! Papa Ramazani, uje uone! Huyu mama ameosha miaka mia moja kwa ndimu mbili!"

Mzee akaja, akachukua moja, akaigeuza polepole mbele ya dirisha.

"Mama Sakina, uliweka na majivu?"

"Ndiyo, papa."

"Uliosha muzuri. Muzuri sana. Sasa hizi kumi na moja hakuna mukusanyaji atazitaka." Nikaanza kufungua kitenge nimtoe mtoto mgongoni, nikijua nimefukuzwa. Akasema, "Unaenda wapi? Keti. Hizi njo kitabu yako."

Akaweka kando ya zile zangu sarafu nyingine kumi na moja ambazo hazikuguswa. Kwa wiki nzima kazi yangu ilikuwa kulinganisha tu. Leo nawaambia ninyi wanafunzi mulioanza kukusanya sarafu yale niliyoyaona kwenye ile meza, kwa sababu nimechoka kuwaona munauziwa uongo pale kituo cha treni na watu wasio na haya.

Sarafu ya feza iliyoachiwa Mungu na wakati inavaa rangi ya uzee: kijivu, pengine bluu kidogo au kahawia pembezoni. Rangi hiyo si uchafu. Ni ngozi yake. Igeuzegeuze kwenye mwanga, utaona mng'ao unatembea juu yake kama gurudumu linalozunguka. Iliyosuguliwa inang'aa sehemu zote sawasawa, kama kifuniko cha sufuria, na mwanga hautembei. Kisha chukua lupu, kile kioo kidogo cha kukuza. Utaona mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, kwa sababu mkono wa msuguaji unaenda na kurudi. Chungulia pia katikati ya herufi: pale majivu hayafiki, weusi umebaki. Uso mweupe na herufi zenye weusi ndani, hiyo imeoshwa. Shaba ikiwa na wekundu wa nyama mbichi, imetiwa ndimu. Na wewe mwenyewe ukinunua, shika sarafu kwa ukingo, usiipanguse hata kwa shati. Jasho la kidole linaacha alama isiyotoka.

Mwaka wa pili nilipelekwa Lokandu, mji mdogo wa mtoni, kwa Mama Mnunuzi. Alikuwa mjane aliyenunua kwa niaba ya duka kutoka kwa familia za wavuvi. Hakuwa na lupu. Alikuwa na ubao wa mti mgumu na masikio. Siku niliyofika na mikoba yangu, hata maji hajanipa, akaangusha rupia mbili juu ya ubao.

"Gani iko na ugonjwa?"

"Mama, sijaziangalia."

"Nani amekuambia uangalie? Sikiliza."

Ya kwanza ililia kwa muda mrefu. Ya pili ikafanya *ta*, basi. Hiyo ya pili ilikuwa imetobolewa zamani ivaliwe shingoni, halafu tundu likazibwa kwa feza nyingine na kulehemiwa. Feza ikishalehemiwa, mara nyingi sauti yake inakufa. Kwake nilijifunza pia kupitisha ukucha kwenye meno ya ukingo, ile mikato midogo inayozunguka sarafu. Ukucha ukiteleza mahali pamoja, hapo palikuwa na kipete cha mkufu kikaondolewa kwa tupa. Na alinifundisha nisishitaki bure: sarafu iliyolala kwenye mchanga wa Lualaba ina vishimo vidogo kila mahali, pande zote mbili. Hiyo imeliwa na maji tu, hakuna aliyeidanganya. Mtu aliyeuma sarafu kwa tupa anauma pale anapotaka, kwa mfano kwenye tarakimu ya mwaka, ageuze mwaka wa kawaida uwe mwaka adimu. Tarakimu iliyobadilishwa ina kimo tofauti na wenzake, na uwanja unaoizunguka umechimbika kidogo.

Nilirudi Kindu nikiwa na mtoto wa pili, bado ananyonya. Nikapewa ufunguo wa kabati la sarafu bora. Nilipokuwa Lokandu, Jeran alikuwa amenunua faranga tano ya feza, ile kubwa ya zamani za Wabelgiji, akaifunga kwenye karatasi laini, akakataza mtu yeyote asiifungue mpaka mnunuzi aje. Nilitii. Niliilinda bila kuiona.

Mnunuzi alikuja kwa boti kutoka Ubundu. Alikuwa daktari wa misheni, mkusanyaji mkubwa, mpole wa maneno. Akafungua karatasi mbele ya Papa Ramazani, Jeran na mimi, akaweka lupu jichoni, akaigeuza sarafu pande zote mbili. Kisha akasema, "Sitwayeni Jeran, hii ilitobolewa. Tundu limezibwa."

"Haiwezekani. Nilinunua mimi mwenyewe, ilikuwa nzima." Jeran akageuka, akaniangalia mimi. "Ufunguo iko na nani?"

"Iko na mimi."

"Basi. Kaka yake njo sonara. Huyu mama alibeba nzima, akatuwekea hii. Niite bajandarme?"

Kaka yangu ni sonara kweli. Na kila mama wa Kindu alijua askari jandarme wakikuchukua asubuhi, hakuna anayejua utatoka siku gani, na mtoto wangu hakuwa ameonja kitu kingine zaidi ya ziwa langu. Nilikasirika mpaka maziwa yakanitoka, blauzi ikalowa mbele ya wanaume watatu. Sikujifunika.

"Ita!" nikasema. "Ita na wakubwa zao! Lakini kwanza leteni kitabu cha nakala."

Niwaeleze. Papa Ramazani alikuwa na desturi moja: anayenunua sarafu, siku ileile anaiwekea karatasi nyembamba juu na kusugua kwa penseli mpaka sura yake itokee kwenye karatasi, pande zote mbili. Anatia saini, nakala inabandikwa kitabuni. Ile ya faranga tano sikuwahi kuiona. Nilijua kitu kimoja tu: kiraka, hata kikifanywa na fundi bingwa, kinaacha mshono, na penseli inakamata mshono ambao jicho linapita juu yake.

"Kama nakala haina duara," nikasema, "mimi mwenyewe nitaenda kwa jandarme, kwa miguu yangu. Lakini kama iko nayo, ulinunua yenye kiraka. Jeran, utanyamaza au utasema?"

Papa Ramazani hakunitetea hata kwa neno. Alifungua kitabu, akakiweka mbele ya Jeran, akampa lupu.

"Angalia weye mwenyewe. Saini ya nani?"

"Njo yangu, papa."

"Na pale karibu na ukingo?"

Jeran aliinama na lupu. Mtoto mgongoni akaanza kulia, nikamwacha alie.

"Iko duara," akasema. "Ndogo. Kama kovu ya chanjo." Akageuza ukurasa. "Na upande wa pili iko, pale pale."

"Basi sema kwa sauti. Ulimushitaki kwa sauti."

"Mama Sakina, nilikosa. Sikuangalia muzuri wakati wa kununua."

"Na uliangalia vibaya zaidi wakati wa kushitaki," nikamjibu. Daktari akakohoa kuficha kicheko. Papa Ramazani hakuficha chake.

Tangu siku ile mzee aliamuru hakuna sarafu itakayoingia kabatini bila macho yangu. Mwanzoni Jeran alinitupia sarafu mezani kama anayewatupia kuku mahindi. Nami nilimrudishia vivyo hivyo, sikuona sababu ya kumbembeleza. Mwezi wa tatu akavuta kiti, akaketi, akauliza, "Hii weye unaionaje?" Tukafanya kazi hivyo miaka minne, na sitasema uongo, nilijifunza mengi kwake. Alijua miaka na alama za viwanda vya sarafu kuliko sisi wote.

Duka limefungwa. Papa Ramazani macho yamekwisha, watoto wake wanauza mafuta na sabuni, hawataki mambo ya lupu. Watu wanacheka nikisema nimestaafu, mama wa miaka thelathini na mbili mwenye watoto watatu. Wacheke. Bado nina hasira: na wanaowauzia watoto wa shule feza zilizozibwa, na wanaoona mwanamke mwenye ufunguo wakafikiri mwizi. Lakini namshukuru Mungu kwa mzee aliyeniambia "keti" siku aliyokuwa na haki ya kuniambia "toka". Namshukuru pia kwamba siku ya jandarme hakunitetea kwa huruma. Alifungua kitabu mbele ya mtu aliyenishitaki, basi.

Siku ya mwisho kila mfanyakazi alipewa cheti cha kazi, na Jeran ndiye aliyeviandika. Changu nilikisomea mlangoni. Chini ya cheo na miaka, pale wengine walipoandikiwa "mwaminifu na mwenye bidii", aliandika kwa mkono wake: "Nilinunua sarafu iliyozibwa, nikamshitaki mama huyu kwa kosa langu. Yeye ndiye aliyenionyesha. Atakayemwajiri amwamini."

Akatia saini, na muhuri wa duka juu yake.