Turubai Lilikuwa la Mizigo

Kabla ya vita papa, baba yangu, alikuwa mtu wa reli. Alizaliwa Kasai, mbali na huku, kazi ikamleta mji wetu wa Kindu akiwa kijana, na hapa akamwoa mama, ambaye kwao ni Kailo, karibu na hapa. Alifanya kazi stesheni: kupokea treni, kupuliza filimbi, kusimamia vinavyopanda na vinavyoshuka. Siku ambazo treni haikuja zilikuwa nyingi kuliko zile ilizokuja, lakini yeye alivaa shati lililopigwa pasi ya makaa, akaweka kofia yake ya kazi kichwani, akaenda.

Watu walimjua kwa namna yake ya kuwaita wenzake. Mzee aliyefagia stesheni alikuwa "Bwana", mwanamke aliyeuza ndizi kwenye ngazi alikuwa "Mama", na baada ya hapo lilifuata jina la mtu, zima, bila kukatwa. Mimi aliniita Mama pia, kama wanaume wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao, nami nikiwa bado mtoto wa kupanda miti.

Vita vilipofika, mji ulifungwa. Ndani walikaa wenye bunduki, msituni walikaa wengine wenye bunduki, na katikati yao yalikuwa mashamba yetu. Aliyekwenda kuchimba muhogo aliweza kuuawa na hawa kwa sababu anatoka kwa wale, au na wale kwa sababu anarudi kwa hawa. Tulikula majani, na yalipokwisha majani tuliyoyajua, tukajaribu tusiyoyajua.

Wale wenye bunduki wa mjini walipotaka kuingia msituni kupigana, walihitaji watu wa kubeba vitu vyao. Asubuhi moja walifunga njia za soko la mtaa wetu, Kasuku, wakawatenga wanaume pembeni. Papa alikuwa pamoja na rafiki yake, fundi wa injini, mtu wa Kasai kama yeye, ambaye nyumba yake ilikuwa Alunguli, ng'ambo ya mto unaoukata mji. Mimi na mama tulisimama upande wa wanawake. Niliona jinsi mambo yalivyokwenda. Mwanamume wa hapa alitetewa na mjomba, na shangazi, na mtu anayejuana na askari, akaachiwa. Watu wa Kasai hawakuwa na wajomba hapa. Kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa akinywa uji kwetu, aliwanyooshea kidole.

"Chukueni wale. Si watu wa hapa."

Mama alipita katikati ya askari. "Ni bwana yangu," alisema. "Mimi ni mutoto wa hapa, wa Kailo."

"Basi wewe baki," askari akamjibu. "Huyu atabeba."

Papa alivua kofia kwa adabu, kama alivyozoea mbele ya mkubwa. "Shefu," alianza, kwani ndivyo wakubwa wanavyoitwa huku, "mimi ninaitwa..."

"Nimekuuliza jina? Beba."

Kofia ikatupwa. Viatu vikachukuliwa. Wakamfunga kamba kiunoni, yeye na fundi na wengine, wakawapa magunia na masanduku ya risasi. Kamba ya gunia ilipita juu ya paji la uso, kama wanawake wanavyobeba kuni. Papa hakuwa amewahi kubeba kitu kwa paji. Alitembea akitazama chini kwa sababu ubebaji huo haukuachii utazame kwingine, na nilipomwita hakuweza kugeuza kichwa.

Alirudi miezi mingi baadaye, mchana, mimi na mama tukiwa uani. Mtu alisimama pale ua unapoanza, amekonda, miguu imevimba, suruali imefungwa kwa gome la mti. Hakubisha hodi. Mama alifikiri ni mwombaji, akamwambia kwamba hata sisi hatuna kitu. Yule mtu akaitikia kwa kichwa, akabaki amesimama palepale. Nadhani mimi ndiye niliyemtambua kwanza, kwa umbo la masikio yake. Katikati ya paji lake palikuwa na alama nyeusi, pana kama vidole viwili, ya kamba.

Mama alipiga kelele, majirani wakaja, watu wakalia na kuimba. Papa hakulia. Alingojea aambiwe aingie.

Ndivyo tulivyoanza kuishi naye. Chakula kilipowekwa mbele yake, aliangalia sahani mpaka mtu aseme, "Kula." Maji hakunywa bila ruhusa. Kitandani hakulala, alijikunja sakafuni, karibu na mlango, na asubuhi tulimkuta amesimama tayari. Siku moja nilimwambia, "Papa, ikala," yaani akae, kama mtoto anavyomwambia mzazi aliyechoka.

"Ndiyo, shefu," alisema, akaketi mara moja, chini, kwenye vumbi.

Niliogopa sauti yangu. Kwa siku kadhaa sikumwambia kitu chochote, kwa sababu chochote ningekisema kingekuwa amri.

Mke wa fundi alivuka mto kuja kuuliza habari za mume wake. Alipiga magoti mbele ya papa, akamshika mikono. "Shemeji, ulimuacha wapi?" Papa alitazama ardhi. "Sijui, shefu," alisema. Yule mama alimuuliza tena na tena, akapata jibu lilelile, akarudi kwake.

Wenye bunduki walikuwa wamemfanya vile, lakini sitaki kuwaondolea lawama watu wa mtaa wetu. Siku za kwanza walimhurumia. Baadaye wakaanza kumwita Shefu, wakicheka, kwa sababu ndivyo yeye alivyowaita. Halafu wakagundua kwamba anafanya kila anachoambiwa. Shefu, tuletee maji. Shefu, pasua kuni hizi. Nao walikuwa watu wa kusali, Wakristo na Waislamu, watu ambao zamani aliwaita kwa majina yao.

Jirani mmoja alipata gunia la mchele, siku hizo ambapo mchele ulikuwa umeanza kuingia tena mjini. Lilishushwa mbali na nyumba yake. Alimwona papa amesimama, akamwambia neno moja tu: "Beba." Papa aliinama, akapitisha kamba juu ya ile alama, akainuka. Akasimama hapo, na gunia mgongoni, akingojea aambiwe aelekee wapi.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, bado una unga. Sijapata kumwona vile.

"Tosha hiyo gunia, mutue!"

"Mama, nilikuwa ninamuomba tu," jirani alisema.

"Haukumuomba. Ulimutuma kama nyama, kama punda. Huyu ni mutu! Huyu iko na jina, na wewe unalijua. Alikuwaka anakuamukia na jina lako!"

Alikata kamba kwa meno, gunia likaanguka, mchele ukamwagika, na hakuna aliyethubutu kuuzoa mbele yake. Kisha akamgeukia papa, na hasira ileile ikamwangukia naye. Alimpiga kifuani kwa ngumi, akilia, akimwambia akatae. "Sema hapana! Sema hapana mara moja tu, nisikie!"

"Ndiyo, shefu," papa alisema.

Mama aliketi chini. Aliketi kwenye mchele wa watu na hakusimama mpaka nilipokwenda kumshika mkono.

Miezi ikapita, mingine ikapita. Hakukuwa na daktari wa mambo hayo. Mama alimwosha, alimnyoa, alimvalisha shati. Kila jambo alimfanyia kama kazi ya nyumbani, bila maneno mengi, na usiku nilimsikia akimwambia jina lake, mara nyingi, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema.

Halafu siku moja tulikula sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Chumvi ilikuwa shida, mama alikuwa amepika bila chumvi kwa muda mrefu, na sisi tulikuwa tumezoea. Papa aliambiwa ale, akala tonge moja, akasimamisha mkono.

"Hii sombe haina chumvi," alisema.

Akaisukuma sahani. Akaanza kusema kwa haraka, kwa lugha ya kwao Kasai, lugha ambayo mama hakuielewa vizuri na mimi niliielewa nusu: kwamba mtu hawezi kula majani matupu kama mbuzi, kwamba katika nyumba ya mama yake chakula kama hiki kingemwagwa. Uso ulikuwa umekunjamana. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka nje, akaegemea ukuta wa jiko, na mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka.

"Amekataa," aliniambia, akiwa amefunika mdomo. "Umesikia? Amekataa."

Alivaa kitenge, akaenda kuomba chumvi mtaa mzima.

Baada ya hapo papa alianza kurudi kuwa yeye, polepole, na si mzima. Neno lake la shefu lilipungua, likabaki kwa watu waliovaa sare. Alirudi kitandani. Stesheni hakurudi. Na habari ya msituni hakuisema, wala mama hakumwuliza. Mama alifariki bila kuijua.

Mimi ni mwalimu sasa. Nafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Kasuku, na papa anakaa kwangu. Mwaka huu tulisoma darasani riwaya ya wafungwa katika nchi ya baridi, watu waliofanyishwa kazi mpaka wakabaki kuwaza mkate tu. Msichana mmoja aliinua mkono.

"Madamu, walikuwa wengi kuliko walinzi. Kwa nini hawakukimbia? Walikuwa wajinga?"

Darasa likacheka. Nilijibu kama tulivyofundishwa kujibu: njaa, hofu, baridi. Nilijisikia nikisema na sikuyaamini maneno yangu. Nilirudi nyumbani nikamkuta papa anabambua karanga barazani. Nikamsomea ukurasa ule. Nikamwuliza swali la yule msichana.

Alibambua karanga nyingine mbili.

"Siku za kwanza nilikuwaka nafikiri kukimbia," alisema. "Kila saa. Halafu mvua ilianza. Tulikuwa na unga, na masanduku ya risasi. Mvua ikinyesha, walikuwaka wanafunika mizigo na turubai. Sisi tunabaki inje. Nilikasirika. Nilisema katika roho: mimi ni mutu, unga ni unga. Halafu mvua moja, kubwa sana, nikajikuta niko naangalia kona ya turubai. Upepo umeifunua. Nikaenda kuishika. Hakuna mutu alinituma, Mama. Niliishika mpaka mvua ikakatika."

"Kwa nini, papa?"

"Unga ukilowa unakuwa muzito." Alifikicha maganda mikononi. "Lakini si hiyo tu. Nilifurahi. Unga ulibaki mukavu na mimi nikafurahi, kweli kabisa. Toka siku ile sikufikiria tena kukimbia. Mutu wa kukimbia hakukuwa tena."

Nikamwuliza habari za fundi.

"Alianguka kwenye kilima, mbali ng'ambo ya Kailo. Alikuwa mbele yangu. Niliona sanduku lake kwanza, kisha yeye. Wakasema, beba na hiyo. Nikabeba. Tulikula sahani moja na yule mutu miaka yote, stesheni. Na nilipomupita, unielewe vizuri, sikumuhurumia. Nilimukasirikia. Nilisema, ameniongezea uzito."

Karanga zilikuwa zimekwisha, lakini vidole vyake viliendelea kubambua maganda.

"Mwanamuke wake iko muzima?"

Nikasema yuko, Alunguli, analima lengalenga, mchicha wa huku, na kuziuza.

"Kesho tuvuke," alisema.

Tulivuka kwa mtumbwi. Yule mama alituwekea viti chini ya paa la jiko lake, akafuta mikono. Papa alimweleza yote aliyonieleza mimi, kwa mpangilio uleule, na hakuiacha ile hasira. Nilitamani aiache. Mwishoni yule mama aliuliza jambo moja.

"Alikufa palepale?"

"Sijui. Sikugeuka."

Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Tulisikia jembe likilima. Aliporudi macho yalikuwa makavu.

"Miaka yote hii," alisema, "watu waliniambia niolewe. Nikajibu, bwana yangu akirudi nitamuambia nini? Wengine waliniita mujane, nikawatukana. Sasa wewe umenipa ruhusa ya kuwa mujane." Alimtazama papa. "Haukumuua. Ninajua hiyo. Lakini leo sitakupa chakula. Nendeni. Utarudi siku ya matanga."

Alifanya matanga bila maiti, watu wakaja wengi, hata wa reli waliobaki. Papa aliketi pamoja na wanaume. Wakati wa kula, mtoto wa kwanza wa fundi, mwanamume mzima mwenye mvi kidogo, alileta beseni na birika, akamnawisha mikono. Lakini hakumtazama usoni. Papa alikula kidogo.

Mpaka leo hawazungumzi sana, yule mama na papa. Lakini mama huyo akivuka kuja sokoni, anapita kwetu, anaacha fungu la lengalenga mlangoni. Habishi hodi. Papa analiokota, ananipa nipike. Siku nyingine anakula. Siku nyingine anasema ameshiba, na analala mapema.