Marahaba ya Mama Mtoto

Nilirudi shule nikiwa nesi wa miaka mingi, nijifunze kupima na kutibu watu wa rika zote, kuanzia kichanga hadi mzee. Mazoezi ya vitendo tuliyafanyia kwenye zahanati moja Tabata. Asubuhi moja akaingia mwanamke asiye na meno ya mbele, uso umechoka, mtoto mchanga mgongoni. Mkufunzi wangu alikuwa pembeni ananitazama, nami nikataka aone nina adabu.

"Shikamoo bibi," nikasema kwa sauti. "Mama yake mtoto yuko wapi?"

"Marahaba," akajibu taratibu. "Mama yake ndo mie."

Nikajifanya natafuta kalamu. Adabu gani ile, ya kumzeesha mtu mlangoni! Ikabidi nimuulize umri, kumbe mie ndiye mkubwa. Hakununa. Alinieleza kikohozi cha mwanawe vizuri, nikamsikiliza mtoto kifua huku masikio yananiwaka. Mkufunzi akaandika kitu kwenye daftari lake, afadhali angenifokea.

Nilipomkabidhi dawa nikajikaza. "Mtoto apone haraka, dada."

Akambeba mwanawe, akafika mlangoni, akageuka.

"Asante, mjukuu wangu."