Divai Nyeupe na Muthokoi

Miaka ile divai ilipoanza kuonekana katika maduka ya Machakos, rafiki yangu alirudi kutoka semina Mombasa na boksi la barafu lenye kaa wakubwa, akatualika kwake kwa chakula cha jioni. Alimimina divai nyeupe, akaizungusha kwenye glasi, akainusa.

"Hii ndiyo inaendana na vitu vya bahari," akasema.

Divai tuliionja. Kaa hatukuwagusa. Jirani wa mwenyeji, mwalimu mstaafu, alimgeuza kaa wake kwa uma, wakatazamana, akamrudisha alivyokuwa.

"Mimi niko sawa," akasema. "Nilikula nyumbani."

Ikabainika kwamba sote tulikuwa tumekula nyumbani.

Mke wa mwenyeji aliingia jikoni, akarudi na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ikitoa mvuke.

"Na hii ulipika saa ngapi?" mumewe akauliza.

"Niliinjika nilipoona hilo boksi."

Sisi tulioshiba tulipakua mara mbili. Mwenyeji alikula kijiko kimoja, akapiga funda la divai, akafumba macho.

"Hii pia inaendana," akasema.

Tangu hapo, mtu akiniambia divai fulani ni ya chakula fulani, namuuliza kwanza mkewe ameinjika nini.