Reli za Fundi

Mtu akikwambia fundi seremala huyu hapimi vizuri, ujue ana chuki zake binafsi. Miaka ishirini na tatu ameshika msumeno na hajarudishiwa mlango hata mmoja. Mafundi wenzake hupima mara mbili. Yeye hupima mara tatu, kisha hubana penseli sikioni na kuikazia mbao macho, utadhani itajipunguza akigeuza mgongo. Kwa hiyo binti yake alipofikisha miaka kumi, na mtaalamu wa mazoezi wa kituo cha afya akasema mtoto anahitaji kitu cha kushikilia ajifunze kutembea nyumbani, fundi hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Binti ana mtindio wa ubongo. Siku ya kuzaliwa alichelewa kulia, na ubongo ukaumia sehemu ile inayoamrisha miguu. Akili yake haina kasoro, na ulimi ndio usiseme. Nyumbani wanamwita Waziri, maana hutoa amri akiwa ameketi na watu wazima wakatimua mbio kuzitekeleza. Miguu tu ndiyo iliyokataa kumtii. Ilikakamaa, magoti yakawa yanagongana, na visigino havikutaka kugusa chini.

Fundi akatengeneza fito mbili sambamba za kushikilia, ndefu mita nne, nguzo zake zikazamishwa kwenye zege pale uani. Mama mtu alimshika Waziri kiunoni, na fundi akapima kutoka chini hadi nyonga. Akapima tena, na tena. Sentimita hamsini na tisa. Akapiga randa, akapiga msasa, akapaka vanishi mara mbili, kibanzi kisije kikamchoma mtoto. Nyumbani wakaziita reli. Mtaalamu alipokuja kuziona alisema hata hospitali kubwa hawana kazi safi namna hii. Maneno hayo fundi hakuyasahau, na wateja wake pia hawakupewa nafasi ya kuyasahau.

Mwaka uliofuata mtaalamu akahamishwa, na nafasi yake ikabaki wazi. Kila walipokwenda kituoni waliambiwa, "Endeleeni tu nyumbani." Nao wakaendelea. Kila asubuhi kabla ya fundi kwenda karakana, Waziri aliketi na kusimama mara kumi kutoka kwenye kibao kifupi, akanyooshwa miguu huku akitukana kwa heshima, halafu akaingia kwenye reli. Baba yake alihesabu hatua kwa sauti ya kuamsha mtaa. Idadi aliiandika ukutani kwa penseli: nane, ishirini na moja, sitini, mia na kumi na mbili. Wageni walipelekwa uani kuuona ukuta huo kabla hata hawajakaribishwa maji ya kunywa.

Ndani, kwenye fremu ya mlango wa sebule, kulikuwa na alama nyingine. Hizo zilikuwa za kimo cha mdogo wake Waziri, ambaye kila mwaka alisimamishwa pale, kisigino kwenye fremu, akachorewa mstari. Waziri hakuwa na mstari hata mmoja. Haikuwa ubaguzi. Asingeweza kusimama wima pale, na hakuna aliyetaka kumtia aibu. Kwa hiyo miaka minne ilipita, na mtoto aliyekuwa akikaa kitini mchana kutwa akakua bila mtu kumwekea alama.

Mkewe fundi aliwahi kugusia. "Baba Waziri, hili gauni nimelishusha pindo mara mbili mwaka huu."

"Kitambaa cha siku hizi kikifuliwa kinarudi," fundi akajibu, na akaona amesema la maana.

Halafu Waziri akafaulu kwenda sekondari. Mwalimu mkuu wa huko, mtu mnyoofu asiye na maneno mengi, alimwonyesha fundi ngazi. Vidato kumi na vinne, na madarasa yote ya kwanza yako juu. "Aje na barua ya mtaalamu kwamba anaweza kupanda mwenyewe kwa magongo," alisema. "Nafasi yake ipo. Ila mtu wa kumbeba sina." Fundi akatoka pale anapiga mluzi. Binti wa hatua mia na kumi na mbili atashindwa na ngazi? Na bahati ilivyo, kituoni alikuwa ameshaletwa mtaalamu mpya.

Alikuwa dada mdogo tu, mikono ya koti imekunjwa hadi kwenye viwiko. Alimpa Waziri magongo, akamwambia atembee hadi dirishani. Waziri akaenda. Alikwenda ameinama, magoti yamekunjwa, makalio yamebaki nyuma, na katikati ya chumba akasimama anahema, jasho linamtiririka. Nyumbani fundi alikuwa hajawahi kumtazama kutoka ubavuni. Siku zote alisimama mbele, mwisho wa reli, akihesabu.

Dada alimlaza Waziri kitandani, akajaribu kuyanyoosha magoti, yakagoma. Akapima utosi hadi kisigino, kipande kwa kipande, akafungua kadi ya zamani. "Hapa ameandikwa mia na kumi na nane. Leo ni mia na thelathini na tisa."

"Haiwezekani," fundi akasema. Akatoa futi yake mwenyewe mfukoni, akapima mara tatu. Ikawa mia na thelathini na tisa.

"Baba, nyumbani anashikilia nini?"

Akaeleza kuhusu reli, na kwa mazoea akaongeza vanishi na zege.

"Zina kimo gani?"

"Hamsini na tisa."

"Tangu lini?"

Fundi akairudisha futi mfukoni. Alikuwa ameshajua, kama ambavyo angejua akisikia mlango wa mtu mwingine unakwaruza sakafu.

"Kosa si la reli peke yake," dada akasema taratibu. "Umri huu mifupa inakimbia, misuli inaachwa nyuma. Ingejikunja kidogo hata hivyo. Lakini kila siku anafanya mazoezi ameinama, kwa hiyo amejifunza kuinama. Tutamfunga plasta ngumu za kumnyoosha magoti, tutaanza mazoezi upya, na huenda ikabidi upasuaji. Ni kazi ya mwaka, pengine zaidi. Barua ya ngazi siwezi kuiandika, baba. Akianguka kule juu nitajibu nini?"

Fundi hakubisha. Aliuliza kama anaweza kumbeba binti yake hadi nje, na hilo aliruhusiwa.

Alasiri hiyo hakwenda karakana. Alichukua msumeno akaelekea uani. Waziri alikuwa mlangoni kwenye kiti chake.

"Unataka kufanya nini, baba?"

"Kuzikata."

"Si zitazidi kuwa fupi?"

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Fundi aliweka msumeno chini.

"Nilikuwa najua," Waziri akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni fupi. Tangu zile hatua sitini. Mgongo ulikuwa unauma."

"Na hukusema? Wewe, wa kukosa la kusema?"

Waziri alitazama ukuta wenye namba. "Ulikuwa unahesabu kwa sauti," akasema. "Ulikuwa unafurahi. Nikasema nikiongea utaacha."

Maisha yake yote fundi alikuwa amesikiliza mbao zinavyolia chini ya msumeno, na mtoto wake hakumsikia.

"Niwekee alama na mimi," Waziri akasema. "Pale mlangoni."

Akambeba, akamlaza sakafuni sebuleni, akamnyoosha mpaka alipokunja uso. Akapima mara tatu, kisha akainuka na kuchora mstari kwenye fremu kwenye mia na thelathini na tisa. Ulikaa juu ya ule wa mdogo wake, vidole viwili.

Waziri aliutazama kutoka pale chini. "Kumbe mimi ni mrefu," akasema.

Fundi akaandika tarehe kando ya mstari, akairudisha penseli sikioni, akakaa sakafuni karibu na binti yake, akalia.