Leonidasi Anasali Mlangoni

Watu wa Rumonge wanaoniuliza kama shemeji yangu Leonidasi ameacha kanisa, nawajibu mara moja: hajaacha. Kila Jumapili anavaa shati lililopigwa pasi, anatoka Kigwena mapema, na ibada inapoanza yuko pale. Ila yuko nje, mlangoni.

Leonidasi ni mdogo wa marehemu mume wangu, aliyekuwa mkurugenzi wa shule, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kutengwa na kanisa. Wazazi wao walikimbilia Tanzania, na ndugu hawa wawili walikulia kambini. Kanisa la huko lilikuwa la udongo. Akina mama walisiriba sakafu kila Jumamosi, na hakuna aliyeikanyaga kwa viatu. Mume wangu aliporudi Burundi aliuacha utaratibu huo, kama alivyoacha mengine mengi ya kambini. Leonidasi alirudi nao. Kwake, kuingia na viatu mbele za Mungu ni kama kumsalimia mkwe huku umekaa.

Katika kanisa letu la zamani, lenye saruji iliyopasuka, hakuna aliyejali. Shida ilianza tulipojenga jipya na kuweka vigae vyeupe. Leonidasi anakamua mawese. Wiki nzima anazunguka kinu miguu mitupu, na mafuta yamemwingia katika nyufa za visigino. Hata akisugua kwa sabuni na mchanga wa ziwani, akipata joto yanatoka. Jumapili ya kwanza alikwenda mbele kutoa sadaka, akaacha nyayo nyekundu kutoka mlangoni hadi madhabahuni.

"Muzee Leonidasi," alisema Dusabe, mkubwa wa wanawake wa usafi, "rangi ya ukuta tulishanunua. Ya chini hatukukuomba!"

Watu walicheka, na yeye akacheka. Lakini Jumapili iliyofuata mama mmoja mjamzito aliteleza penye nyayo zake mpya, akaanguka vibaya. Wazee wa kanisa wakaamua: asiingie mtu bila viatu.

Mchungaji Fabiano, kijana mwenye heshima, alikuja kwangu. "Mama, anakusikiliza wewe. Mwambie Mungu anaangalia moyo."

Nikijua viatu hatavikubali, nilimnunulia Leonidasi soksi nyeusi, nzuri, zizuie mafuta. Alizigeuzageuza mkononi.

"Shemeji, hiki si kiatu cha kitambaa?"

"Ni soksi. Mawaziri wanavaa."

"Wavae. Mimi ninakokwenda iko mkubwa kuliko wao."

"Na ukikaa nje, watu watasema nini juu yetu?"

"Watasema niko nje. Si ndipo nilipo?"

Niliwaomba wazee atandikiwe mkeka ndani, juu ya vigae. Walikataa: leo mkeka wake, kesho kila mtu atakuja na wake. Siwezi kusema wamekosea, kwa maana yule mama alilazwa hospitali. Na Leonidasi pia siwezi kusema amekosea. Ndani humo watu wanajibu simu katikati ya sala. Viatu wanavyo.

Jumapili iliyopita tulishiriki meza ya Bwana. Sinia ya mkate ilipita safu kwa safu hadi ya mwisho. Niligeuka kutazama. Leonidasi alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, nje ya kizingiti, mikono ameikinga mbele yake. Mvua ilikuwa imeanza. Shemasi aliyebeba sinia alimtazama, kisha akamtazama mchungaji. Kwa utaratibu wetu, mkate hupelekwa nje kwa wagonjwa tu, na yeye si mgonjwa. Mchungaji aliinamisha macho. Shemasi akarudi mbele, meza ikafunikwa kwa kitambaa cheupe.

Nilitaka kusimama. Lakini niseme nini, na nimwambie nani? Mkate wangu nilikuwa nimekwisha kuumeza.

Wimbo ukaanza. Sauti nzito ya Leonidasi ikaingia kutoka nje, haikukosea hata ubeti mmoja. Mikono alikuwa bado hajaishusha.