Shati la Fundi Baiskeli

Mjane yule alikuwa fundi cherehani, na mwili wa mumewe, alipokuwa hai, ndio aliojifunzia kazi. Kila mshono mpya aliujaribu kwanza kwenye mabega yale mapana. Miaka ilipita tangu azikwe, na mama akabaki dirishani na cherehani yake, akimlea binti yao kwa kushona nguo za watu.

Kisha akaja fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, mwembamba hata watu wakambandika jina la Spoki. Alileta suruali iliyochanika goti. Haukupita muda akaleta nyingine. Binti akaigeuza, akacheka.

"Mama, hii imechanwa kwa mkasi!"

Mjane naye akacheka, mpaka mbavu zikamshangaa.

Spoki hakumung'unya maneno. "Fundi mwenzangu, nataka tuzeeke pamoja. Usinijibu leo."

Mjane aliona haya kumpima. Alimkadiria kwa macho, akakata kitambaa cha samawati, akamshonea shati. Hilo ndilo lingekuwa jibu: akimvika, amekubali.

Siku ya kulivaa ilipofika, mikono ya shati ikameza vidole vya Spoki. Mabega yakamwanguka.

"Fundi, nimekonda zaidi au?" akatania.

Binti hakucheka. "Mama, hilo ni la baba."

Mjane akatazama. Mazoea yana taabu: macho yalikuwa kwa Spoki, mkasi ukafuata njia yake ya zamani. Hata bega la kushoto alikuwa amelipandisha kidogo, kuficha ulegevu ambao mumewe alizaliwa nao, na Spoki hana.

Akanyakua futi ya kupimia.

"Nisamehe. Simama nikupime."

Spoki alikuwa ameshafungua vifungo. Alilikunja shati taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, akaliweka juu ya cherehani.

"Leo hapana, fundi mwenzangu. Leo una mgeni."

"Utarudi?"

"Siku utakayoweza kunipima mimi, niite. Nipo hapo tu, ng'ambo."

Akatoka, amevaa shati lake kuukuu.

"Mfuate, mama," binti akanong'ona. "Mfuate, mimi sina neno."

Mama hakusogea. Alikuwa ameinamisha uso ndani ya lile shati jipya, akitafuta harufu ambayo halikuwahi kuwa nayo.