Kitanda cha Dirishani

Siku ya kwanza kazini, kituo cha wazee Grand Prairie, huku ughaibuni, mwaka 2017, nilipewa sare ya bluu na ukanda wa kumwinulia mgonjwa. Unamfunga kiunoni, unashika ukanda. Humvuti mkono hata siku moja. Shule niliacha darasa la nne, lakini ukanda ule niliujua kabla ya wenye vyeti vyao.

Nilikuwa mhudumu wa wazee: kuogesha, kulisha, kuwageuza kitandani ngozi isichubuke. Chumba kimoja kilikuwa na mabibi wawili, wa dirishani na wa mlangoni.

"Funga pazia, nitakuchapa!" wa mlangoni alifoka kila asubuhi.

"Simama kwanza, ndio unichape!" wa dirishani akamjibu.

Siku moja wa dirishani akafariki, mwenzake yuko mazoezi ya viungo. Mwili ukapitishwa mlango wa jikoni, shuka zikabadilishwa. Muuguzi mkuu wa zamu, Mkenya, akaniita.

"Mama, habari za mgonjwa ni siri. Ukisema, unaenda nyumbani."

"Hata kwa aliyelala naye chumba kimoja miaka miwili?"

"Hata huyo. Hiyo sheria inakulinda hata wewe."

"Inanilinda na nini?"

Akarudi kwenye mafaili yake.

Kwetu msiba unamfichaje jirani? Bibi wa mlangoni akaniuliza mwenzake yuko wapi. Siku nne nikajibu, "Sijui, bibi." Usingizi ukanipaa, presha ikapanda. Ya tano nikafunga mlango, nikamwambia.

Akalia. Akaomba pazia libaki wazi. Kisha akanikazia macho: "Siku zote nne ulijua?"

Hakutaka tena nimwogeshe. Akanishtaki kwa muuguzi mkuu, naye akanifukuza kwa kutoa siri, kisha akanikumbatia pale mlangoni machozi yakimtoka. Nimchukie vipi mtu kama huyo?

Nikahamia Houston, nikapanga chumba mtaa wa Gulfton. Meneja wa kituo kipya akaniambia, "Hapa marehemu hutoka mlango wa mbele." Tulisimama wote ukumbini, jina likatajwa, mwili ukapita. Nikarudi kulala usingizi wa kweli. Nikasema, kumbe mimi ndiye niliyekuwa sahihi!

Halafu 2020 korona ikaja. Tukasimama asubuhi, tukasimama mchana, kesho tena. Siku moja meneja akanifuata bafuni, namwogesha mzee mmoja.

"Mama, njoo usimame. Ni yule wa..."

"Usinitajie jina! Niache nimalize zamu."

Akaondoka. Magurudumu yakasikika ukumbini. Mzee wangu akageuza shingo: "Nani anatoka?"

"Sijui, babu."

Na kweli sikujua. Nilikuwa nimekataa kujua. Mwezi uleule nikarudisha sare.

Sasa naishi kwa binti yangu, mjini DeSoto. Vijana wanaosomea kazi hii huja kuniuliza nani alikosea, muuguzi mkuu au mimi. Nawaambia waziwazi sijui, na kutojua kwenyewe kunaniuma. Kisha namsimamisha mmoja wao, namfunga ukanda kiunoni, nawaonyesha pa kushika. Hilo nina hakika nalo.